Minyororo ya Kizimba Chenu

Kaka Lati,

Hili sijamwambia mtu. Kwenye simu wangenisikia. Nyumbani, nguruwe tutakayemchinja mwaka mpya amenona.

Jana nilimsikia Baba akimnong'oneza Mama. Tanurini walitakiwa kutia ferovanadi, kiimarishi, ya asilimia themanini, ili chuma kiwe imara. Ghalani ilibaki ya hamsini, iliyo dhaifu, ambayo huhitaji kutiwa kilo nyingi zaidi. Msimamizi akamwambia, "Tia kilo zilezile, Mzee Muga. Chuma kina mdomo?" Akatia. Chuma hicho ndicho kilichotengenezewa minyororo ya kizimba kinachowashusha mgodini.

"Mwambie mwanao!" Mama akalia.

"Nikisema, nafungwa."

Kaka, usipande kizimba hicho. Naandika Kichina kwa kuwa Baba hajui kukisoma.

Nasikia viatu vyake mlangoni. Siifichi tena karatasi. Akiuliza, nitamsomea kwa Kinuosu, lugha yetu ya nyumbani.

Mdogo wako,
Ayi