Wanja Amembeba Shosho wa Wenyewe

Mama yangu mpendwa,

Keti vizuri huko uliko, maana habari hii ninayo tangu juzi na kifua kinataka kupasuka. Wanja yuko hai. Kitinda mimba wako, yule uliyemwita mvivu wa kijiji kizima cha Kanja, yuko hai, na hana kidonda chochote isipokuwa mchubuko kwenye paji la uso. Ngoja nikueleze ameupataje.

Ile nyumba ya wazee anakofanya kazi kule Japani iko karibu kabisa na bahari. Juzi asubuhi nilikuwa namenya ndizi redio ikasema tetemeko kubwa limepiga chini ya bahari upande ule, na maji yamepanda nchi kavu. Nilimpigia Wanja hadi kidole kikauma. Hapatikani. Majirani wakaanza kuingia kwa sauti za chini, mmoja ameshika sukari, na sukari ya namna hiyo unajua huletwa penye msiba. Nilimwambia airudishe kwake.

Jioni simu ikalia.

"Dada, mi niko sawa. Simu ndio iliisha chaji."

Nilimtukana, mama, kisha nikaimba wimbo wa kanisa, au nilianza na wimbo, sikumbuki.

Sasa sikiliza. King'ora kililia, lifti ikafa, na kilima cha kukimbilia ni ngazi tupu. Wenzake walikuwa wametangulia na wazee wengine. Alibaki shosho mmoja, bibi kizee asiyeweza kusimama, na kiti cha magurudumu hakipandi ngazi. Wanja akavuta shuka ya kitanda, akaikunja, akaipitisha chini ya mapaja ya shosho, akamweka mgongoni, akaleta ncha mbele na kuzifunga kwenye paji la uso wake mwenyewe. Akainama, akapanda. Kama kuni.

Unaukumbuka ule mlima wa kutoka mtoni hadi kwetu? Ulikuwa ukitutanguliza, mzigo mgongoni, mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea, umetukaza vichwa, na Wanja analia njia nzima. Siku moja akautupa mukwa uani kwa jirani, akasema yeye atasoma, hatakuwa na alama ya punda usoni. Hukupandisha sauti. "Soma," ukamwambia. "Lakini kwanza hizo kuni zifike jikoni." Zilifika. Na shosho wa wenyewe naye amefika, mama!

Wakiwa juu waliiona bahari ikiingia ghorofa ya chini, ikaacha mashua za wavuvi barabarani na chumvi kwenye mashamba ya mpunga. Jana alipiga tena, akasema watu wanalala kwenye ukumbi wa shule. Wavuvi wanachimbua nyavu matopeni, na wengine wanatafuta watu wao. Alipofika hapo sauti yake ilipungua.

Nikamwambia basi, rudi nyumbani. Nilikuwa nimeshapiga deki chumba chake na kutangaza kanisani. Hakukuzika, mama. Waajiri wake walimnyima ruhusa, na tangu siku ile jina lako halijawahi kutoka kinywani mwake nami nikiwa kwenye simu. Nilitaka aje asimame kaburini pako, alie, apone.

Akasema, "Dada, wenye wanataka kurudi wanapewa tikiti. Lakini huyu shosho hana mtu. Akiamka ananishika mkono ananiita jina ya msichana wake. Mama sikumshika mkono. Wacha nimshike huyu."

Nilikasirika, sikufichi. Nilizunguka migomba huku nikimwambia ana kichwa kigumu, kwamba bahari ikitetemeka tena hakuna atakayeniletea hata nguo zake. Alingoja nimalize, akawasha video nimwone uso.

"Sasa nani atanibariki?" akauliza.

Wewe haupo, mama, na mkubwa aliyebaki ni mimi. Nikatema mate kifuani pangu, kidogo, kama mlivyokuwa mkifanya ninyi wazazi, kisha nikamtemea na yeye palepale kwenye kioo cha simu. Mchungaji asisikie. Wanja alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Kaa," nikamwambia. "Mama amesema ukae."

Nimetumia kinywa chako bila kukuomba. Usinikane.

Ubaki na amani nyingi,

Kifungua mimba wako