Walioketi Darajani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulitufundisha kwamba ripoti ya mechi huanza na matokeo, masimulizi yakafuata, kwa hiyo naanza hivyo. Jana asubuhi mkurugenzi wa kampuni ya gemu anakofanya kazi mziwanda wako aliwakusanya wafanyakazi wote akawaambia mambo mawili. La kwanza, kazi za Jumapili zimekoma, na sehemu mpya ya gemu yao itachelewa kutoka. La pili, mziwanda wako bado amesimamishwa kazi kwa kukaidi amri, na kamati ya nidhamu itamsikiliza kabla ya kuamua kama atarudi au atafukuzwa. Hilo la pili ndilo lililonishikisha kalamu.

Baada ya matokeo, salamu. Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Jirani yako fundi baiskeli ameniarifu kwamba siku hizi unajipikia mwenyewe, na kwamba sufuria mbili zimekwisha kuaga dunia. Pole kwa msiba. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameota jino la kwanza na analijaribu kwenye bega la kila anayembeba. Mama, ambaye yuko kwangu akimlea tangu niliporudi kazini, ni mzima na anakusalimu sana. Ana neno lake la kukuambia, nitalifikia. Sikupiga simu kwa sababu kila akitajwa mziwanda wako unasema salio limekwisha, hata pale ambapo aliyepiga ni mimi.

Gazetini sitaandika habari hii. Mhusika ni mdogo wangu, basi nimemwachia mwenzangu wa meza ya pili, naye hajaniuliza neno wala sijamwambia neno. Lakini kabla haya hayajatokea nilikuwa nimetumwa kwenye kampuni ile kuandika makala ya kawaida tu kuhusu kazi yao. Nilichokiona nitakusimulia wewe, kwa kuwa ulisema siku ile alipoacha kazi benki kwamba mtu mzima halipwi kwa kucheza.

Baba, pale hapana mtu anayecheza. Wako ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Mapazia yamefungwa mchana kutwa ili mwanga usigonge kwenye skrini. Nilimkuta mwanamume mmoja mwenye ndevu za mvi akitembea mahali pamoja juu ya sinia la kokoto, kiatu kimoja cha ngozi na kimoja cha mpira, huku kipaza sauti kikiwa chini ya nyayo zake. Kazi yake ni sauti za hatua. Nilipomuuliza kwa nini viatu viwili tofauti, alinijibu kwamba mzee hakanyagi kwa mguu wa kulia kama anavyokanyaga kwa wa kushoto, na kama sikulijua hilo basi wazee wangu ni vijana bado. Msichana mmoja kazi yake ni kumgongesha mhusika wa gemu kwenye ukuta, sentimita kwa sentimita, mji mzima, atafute pahali ukuta unapopenyeka. Wenzake humwita Kunguni.

Aliyenikamata zaidi ni mchoraji wa miondoko. Katika gemu hiyo watu hubeba mizigo kuvuka daraja na kujenga mji, upande huu ukishindana na upande ule, na mhusika asipoguswa kwa muda huketi mwenyewe. Mchoraji alikuwa akishughulikia ajuza mmoja mwenye mtungi. Alinionyesha jinsi bibi huyo anavyoketi: mkono kwanza gotini, pumzi, nyonga inashuka upande, halafu mtungi unawekwa kabla ya mwenyewe kutulia. Alisema alimrekodi nyanya yake jikoni akiketi na kuinuka mpaka bibi wa watu akamuuliza kama anamfanyia mazoezi ya jeshi. Nimewahi kuwahoji mafundi wa saa na wapasuaji wa macho, na sikumbuki kuona mkono uliotulia kuliko ule.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Chini ya meza nyingi palikuwa na godoro la sponji lililokunjwa, na sikuhitaji kuuliza ni la nini. Kila sehemu mpya inapokaribia kutoka huwa kuna kitu wanachokiita mbio za mwisho: Jumamosi ikaliwa, kisha Jumapili. Hakuna aliyelazimishwa kwa maandishi. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na godoro lake, nalo lilikuwa limechakaa kuliko yote. Si mtu mbaya, ni mtu anayeamini kwamba kila mmoja ana moto kama wake. Mtu wa kokoto aliniambia maneno niliyoyanakili: ukiipenda kazi, hawahitaji kamba nyingine ya kukufungia.

Mziwanda wako hatengenezi chochote katika hayo. Yeye ni msimamizi wa gumzo. Wachezaji, ambao wako kila pembe ya dunia, huandikiana wakiwa mchezoni, na wanachoandikiana mara nyingi hakisomeki mbele ya mkwe. Huwatukana wenzao, wakimaliza huwatukana waliotengeneza gemu. Nilikaa kando yake asubuhi moja. Mmoja aliuliza kama daraja lile lilichorwa kwa miguu. Mwingine, alipoonywa, alimwambia mdogo wangu arudi jikoni. Yeye akamjibu kwamba jikoni ametoka, chai iko mezani, sasa aje pembeni.

Hapo pembeni ndipo nilipotaka ufike, Baba. Wasimamizi wengine humfungia mtukanaji papo hapo, naye hurudi kwa jina jingine kabla kiti hakijapoa. Mziwanda wako amejitengenezea chumba kitupu ndani ya gemu. Humwita mtu humo, wawili tu, humsimamisha mhusika wake mikono nyuma, kisha huandika: rudia nikusikie. Basi. Unaikumbuka? Uwanjani, enzi zako za urefa, ulikuwa ukimwita mchezaji kando, mikono nyuma, filimbi ikining'inia, unainama sikio, unamwambia arudie ulichosikia kwa mbali. Watu wazima wenye mapaja kama magogo walikuwa wakigeuka bubu. Na huku ni vivyo hivyo. Wengi hawawezi kurudia. Anayeomba radhi hupewa onyo na kurudi mchezoni, anayerudia hutoka. Wenzake wanasema waliotolewa naye ni wachache kuliko wa msimamizi yeyote, na gumzo lake ndilo safi kuliko yote. Sijamuuliza alijifunza wapi. Wewe na mimi tunajua.

Mmoja wa wateja wake wa chumba kile hujiita Shoka. Ulimi wake unastahili jina hilo. Jumapili mbili zilizopita aliwaporomoshea mafundi matusi kwa sababu hitilafu moja haikurekebishwa. Akaitwa pembeni, akaambiwa arudie. Badala ya kurudia aliuliza swali: mbona unanijibu Jumapili? Mdogo wangu akamwambia yuko kazini. Na Jumapili iliyopita? Alikuwa kazini. Na mafundi? Wako hapa, mmoja amelala chini ya meza yake. Shoka akaandika kwamba yeye hupanga mizigo ghalani na hata punda wa ghala lao hupumzika Jumapili. Akaomba radhi, akatoka.

Nisingelisadiki lililofuata kama sikulithibitisha kwa watu watatu walioliona kila mmoja kivyake. Shoka yuleyule alienda kwenye gumzo la wote akaeleza. Wapo waliomcheka. Mmoja alimuuliza tangu lini shoka likaihurumia miti. Lakini wengi walianza kuulizana la kufanya, na hawakuelewana: wengine walitaka kuondoka mchezoni, wengine waliona wakiondoka nani atajua? Jumapili iliyofuata, wakiwa bado wanabishana, ajuza mwenye mtungi, mchezaji anayejulikana humo kama Bibi Mtungi, alifika katikati ya daraja, akaweka mkono gotini, akaketi. Hakusema kitu. Aliyekuwa nyuma yake na mzigo akasimama, akatazama, akaketi naye. Kisha Shoka. Kisha upande wa pili wa mto, mahasimu wao. Kabla ya adhuhuri daraja lilikuwa limejaa watu walioketi, na kila aliyejaribu kupita aliambiwa kwa adabu isiyo ya kawaida yao kwamba mafundi wapumzike kwanza.

Bahati mbaya au nzuri, siku hiyo mkurugenzi alikuwa na wageni, watu wa kampuni inayoisambaza gemu, na alikuwa ameiwasha kwenye skrini kubwa ili waone jinsi mji unavyochangamka. Wakaona umati umeketi kama watu wanaosubiri daktari. Mkurugenzi alishuka mbio hadi meza ya mdogo wangu akamwamuru awatoe wote, aanzie kwa yule bibi aliyechochea. Mdogo wangu alimwomba amtajie kanuni waliyovunja. Matusi hawakutukana, udanganyifu hawakudanganya. Akasema, na hili nimelipata kwa Kunguni aliyekuwa kiti cha pili: kuketi si kosa, mimi siwezi kupuliza filimbi palipo kimya. Mkurugenzi akamwambia akabidhi kadi yake ya mlangoni. Akaikabidhi, akachukua kikombe chake, akashuka ngazi. Mtu wa kokoto, aliyekuwa anarekodi, hakuzima mashine. Anasema hatua zile atazihifadhi.

Waliobaki hawakukubali kuifanya kazi yake. Walioketi hawakuinuka hadi Jumatatu. Wageni, badala ya kukasirika, waliuliza maswali kuhusu magodoro. Hayo ndiyo yaliyozaa tangazo la jana. Wale tuliowaita wahuni wa mtandaoni, wasiowahi kuonana uso kwa uso, waliwatetea watu waliokuwa wakiwatukana juzi. Mimi nimeandika habari za migomo mingi, na ule wa daraja ndio wa kwanza niliouona usiovunja hata kioo.

Sasa neno la Mama. Amekuwa akizunguka meza hii tangu nianze kuandika, ananiuliza nimefika wapi, kisha anakimbilia chumbani kabla sijamjibu. Baba, Bibi Mtungi ni Mama.

Kaa kwanza. Alianza alipofika kwangu, kwa simu yangu ya zamani, mtoto akiwa amelala mapajani. Alitaka kuona kwa macho yake ni kazi gani hiyo iliyowafanya baba na mwana wasisalimiane. Hakumwambia mziwanda wake, hakuniambia mimi. Akaipenda. Anavusha matofali, ana marafiki, na wamemfundisha maneno ambayo sitayaandika hapa. Wakati mmoja, mchezaji fulani alipomkejeli msimamizi, Mama alimjibu kwamba ana sura ya kiatu kilichosahauliwa mvuani. Akaitwa pembeni. Akaambiwa: rudia nikusikie. Anasema alicheka mpaka mtoto akaamka, kwa maana ilikuwa kama amesimamishwa na wewe katikati ya uwanja. Aliomba radhi kwa heshima zote. Kwa hiyo, katika maisha yenu yote ya ndoa, mkeo ana kadi moja ya njano, na amepewa na mwanao.

Na la darajani nalo halikuwa kama walivyodhani. Mjukuu wako alikuwa ameharibu nepi. Mama aliiweka simu juu ya kabati akaenda kumbadilisha, na ajuza, kwa kuwa hakuguswa, akaketi mwenyewe kama alivyochorwa. Mama aliporudi alikuta halaiki imeketi nyuma yake. Akauliza kuna nini. Shoka akamweleza, akamwita mama yetu kiongozi. Angeweza kuinuka, Baba. Ni kugusa kioo tu. Anasema aliposikia kwamba yule wa pembeni anafanya kazi Jumapili ya ngapi sijui mfululizo, aliichomeka simu kwenye chaji akaiacha palepale. Niliporudi nyumbani jioni nilidhani imeharibika. Mziwanda wako alikuja kwangu siku hiyohiyo na kikombe chake mkononi, akaiona skrini, akamwona bibi. Waliangaliana. Hakuna aliyelia, kama ungependa kujua. Mdogo wangu alimwambia Mama ajihadhari, ana onyo moja tayari.

Mama amekataa kabisa kujificha. Amesema atakwenda mbele ya kamati aseme kwamba mwenye kuketi ni yeye, wala hakuchochewa na mtu wa ndani, kwa sababu mkurugenzi anashikilia kwamba mambo yale yalipangwa na mdogo wangu. Atakwenda kama shahidi. Lakini kanuni zao zinampa mshtakiwa haki ya mtu mmoja wa kumsindikiza na kumsemea, asiwe mfanyakazi mwenzake, asiwe shahidi, na asiwe mwandishi wa habari. Hesabu mwenyewe nani amebaki katika familia hii.

Sikuombi useme kwamba alifanya vema kuacha benki. Hilo mtalimaliza wenyewe. Nakuomba uwaeleze watu watano wa kamati ile kitu unachokijua kuliko mtu yeyote niliyemhoji: kwamba refa haadhibu kosa ambalo halimo kwenye kanuni, hata mwenye timu akipiga kelele kiasi gani. Yeye mwenyewe hakutaka nikuandikie. Alisema utasema salio limekwisha. Nilipomuuliza kama ukija atakukataa, aliuliza kama goti lako litaweza ngazi za ghorofa mbili. Hilo kwangu ni jibu.

Mama anasema ule kwa jirani hadi atakaporudi, ukanusuru sufuria iliyobaki. Mjukuu wako analisubiri bega lako, aliume kwa jino lake. Nikomee hapa, mhariri ananipigia.

Kikao ni Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi. Jina la msindikizaji linatakiwa lifike Jumatatu kabla ya adhuhuri. Nisipopata neno lako hadi hapo, nitaandikisha la kwako.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Mama Jino Moja