Mwiko wa Halua, Wete

Bi Salma,

Asalamu aleikum kutoka Jadida, huku Wete. Leo nimetazama halua ikipikwa. Mzee Khamisi, mwenye jiko, alimpokonya mwiko mkorogaji ambaye hata jasho halijamtoka, akampa mwenzake. Nikamuuliza kwa nini.

"Nikingoja aseme kachoka, chini keshaunguza," akanijibu.

Nikakukumbuka. Kila mfumo wetu wa tiketi ulipokwama, saa yoyote ile, nilikupigia wewe tu. Nilikuwa na waandika programu sita, na kwenye vikao nikikusifu kwamba huchoki. Mpaka barua yako ya kuacha kazi ikafika mezani kwangu.

Nisamehe. Nakuletea halua; usipotaka kuniona, nitamwachia mama yako. Mungu akupe usingizi, ule niliokunyima mimi.

Hamadi