Ng'washi, Maji Hayakukuua

Fuuu. Kimya kidogo. Fuuu tena. Wachungaji wa Dutwa waliisikia sauti hiyo katikati ya lambo kabla hawajaona kitu, na ng'ombe wakasimama wasinywe. Kisha kichwa kikaibuka, kimevaa miwani ya kuzamia, bomba la kupumulia mdomoni. Ni wewe, Ng'washi, umekuja likizo na huwezi kukaa mbali na maji. "Mtoto wa Bundala karudi," walisema, "leo maziwa hakuna, ng'ombe wameshtuka."

Mwaka umetimia tangu ututoke, dada yetu, na lambo limenyamaza.

Wewe mtoto wa shamba la pamba, uliyejifunza kuogelea ukubwani, ulikuwa ukiwaongoza wageni chini ya maji katika ghuba ya hifadhi kule Mafia. Wenye mitungi ya hewa uliwashusha hadi kwenye matumbawe. Wenye miwani na bomba tu uliwatembeza juu juu, ukimshika mkono mwenye hofu. Hukuruhusu mtu aguse tumbawe wala kuokota kombe. Tajiri mmoja alipobisha, ulimwambia, "Kwetu hata ng'ombe wa jirani hatumkamui bila ruhusa." Na kabla ya kushuka, wageni wote walisalimiana "mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma, kwa sababu yako.

Uliugua malaria, ikapanda kichwani. Ulifia wodini Dar es Salaam, kwenye shuka kavu, mkono wako umo mkononi mwa mama. Lakini msibani watu walikuwa wamekwisha kukata shauri: maji yamemchukua. Shangazi Salu alilisema waziwazi, na mdogo wako Masalu akamjibu vibaya mbele ya waombolezaji. Hajutii. Leo jibu lake tunalirudia kwa maandishi, walisome Dutwa, walisome Nkoma na Bariadi mjini: maji hayakukuua.

Neno lile la shangazi lilimwingia baba. Alivifungia vifaa vyako kwenye ghala la pamba, ufunguo akauvaa shingoni. Mdogo wako Kija alipopata nafasi ya kujifunza kazi ileile, kwenye ghuba ileile, baba alisema hapana. Tangu Pasaka wawili hao hawakuwa na maneno ila salamu. Nafasi yenyewe haikuwa ya kungoja. Asipofika wiki hii inayoanza, inapewa mwingine.

Jumamosi, baada ya misa yako ya mwaka, watu wakiwa wanakula, baba aliingia ghalani. Akatoka na miwani yako, bomba, mapezi, na kamba ya ng'ombe.

"Kija, nionyeshe."

"Baba, watu wanakula."

"Wataendelea kula. Twende."

Shughuli yote ikahamia lamboni. Baba alimfunga Kija kiunoni kwa fundo lile la kufungia fahali, akashika ncha ya pili. Mama alinung'unika nyuma yake, "Mkishapata kichocho msije kwangu." Hakuna aliyecheka. Baba hajui kuogelea. Maji yakimfika magotini hurudi.

Kija akavuta pumzi taratibu, kama ulivyomfundisha, akazama.

Maji yakatulia juu yake. Kamba ikalegea.

"Mvute, Bundala," alisema shangazi Salu.

Baba aliendelea kuyatazama maji.

"Mvute. Unataka kuzika wa pili?"

Masalu akavua viatu. Baba, bila kugeuka, akamwambia, "Kaa hapo. Ng'washi alisema aliye chini asivutwe ovyo. Aachwe apande mwenyewe."

Hatukujua kwamba alikuwa akikusikiliza. Kila ulipotusimulia kazi yako, yeye alijifanya anasinzia.

Kamba ikakaza ghafla, ikakimbia viganjani mwake, naye akaiachia ikimbie. Kija akaibuka ng'ambo ya pili, kwenye matete, akavua miwani na kutupungia mkono kana kwamba ametoka kuchota maji. Baba akaketi palepale matopeni, na suti yake ya kanisani.

Unakumbukwa na baba yako Bundala na mama yako Esteria, wadogo zako Masalu na Kija, shangazi yako Salu, ambaye siku ile alirudi nyumbani bila kusema lolote, wanakwaya wenzako wa Dutwa, na wote uliowashika mkono majini. Tukiwa hai hutasahaulika, nasi tutalitaja jina lako kwa fahari popote tutakapoulizwa sisi ni wa nani.

Maneno ya baba tumeyaweka mwisho, maana tunajua ungependa kuyasikia. Aliyasema kwa sauti, watu wote wapo, huku akihangaika kulifungua fundo kiunoni mwa Kija, aliyekwisha kurudi upande wetu:

"Jumatatu tunaondoka wote. Nitapanda basi, nitapanda na hiyo boti. Wewe ukishuka chini, mimi nitakaa pale juu, na siondoki mpaka nikuone umetoka."