Alama Nyekundu kwa Ukuta wa Mama

Kitengela,
Agosti 2004

Kwa kaka Kivuva, bosi mkubwa wa stima,

Habari ya hiyo ofisi ya kapeti? Sisi tuko. Mimi bado nakushinda sura, hata bila tai.

Hapa nimewasimulia watu wote vile ulianza kwa kupanda nguzo za stima kama kibarua, ukasoma masomo ya jioni, ukawa injinia, ukawa meneja, mpaka sasa kampuni yote iko chini yako. Kwa kinyozi sipangi laini tena. Asante.

Sasa, wiki jana vijana wako walikuja kupima njia ya zile nyaya kubwa. Wakapaka X nyekundu kwa ukuta wa Mama. Unajua alifanya nini? Aliwapikia chai, akawaambia, "Msalimieni bosi wenu, huyo nilimzaa mimi." Wakanywa, wakacheka, wakaenda. Kina Opiyo hapo jirani wameng'oa mabati yao na kuhama. Mama hajatoa hata sufuria. Anasema Kivuva hawezi kumbomolea.

Nimepiga simu kwa ofisi yako mpaka yule dada anayepokea simu anajua sauti yangu. Kila siku uko mkutanoni.

Tingatinga inakuja Jumatatu. Brathe, kama nyaya haziwezi kupita kando, mimi sikulaumu. Lakini njoo umwambie Mama wewe mwenyewe. Mimi nimemwambia mara nyingi atoke, na kila mara ananicheka, anasema sijaacha utundu.

Ni mimi mdogo wako,
Mutinda