Nyumba ya Mama na Matusi ya Chomba

Élisabethville, kambi ya bamasoni
Tarehe 14 Septemba 1924

Yaya wangu mupendwa, dada yangu mukubwa Constance,

Salamu nyingi kwako, kwa bwana yako na kwa batoto bote. Natumaini muko bazima huko Broken Hill, na ule mugongo uliokusumbua wakati ya baridi umekuachilia. Kama bado, acha kubeba maji, batoto babebe, nabo bako na mikono. Miye niko muzima, Mungu iko. Kikohozi imeisha. Nakula, nalala, naenda ku kazi.

Huku jua ni kali na mvua bado. Moshi ya kiwanda ya shaba inaingia mpaka mu sahani. Siye bamasoni tunajenga nyumba ya Muzungu mumoja, kubwa kabisa. Naweka tofali kutwa, mangaribi narudi mu chumba yangu, na hakuna muntu wa kuniuliza kama nimekula.

Tangu bibi yangu wa ndoa Wivine alipokufa, hii chumba ndogo imekuwa pana sana. Majirani ni bantu bazuri, siwezi kubasemea mubaya. Lakini bamoja ni ba Kasai, bengine ni ba upande yenu ya Rhodesia, na jua ikizama kila muntu anarudi mu luga yake. Miye nabakia na sufuria yangu.

Sasa ile neno unayongojea. Uliniuliza mu barua mbili, nikanyamaza. Unisamehe, nilikuwa natafuta namna ya kuisema. Serikali ya Babelji ilitangaza ya kama kila muntu ambaye vita ya Badachi iliharibu mali yake aende kusema, atalipwa. Nilienda. Nilisema nyumba ya marehemu Mama kule ku kijiji yetu, kwa Kapya, kando ya ziwa: tofali ya kuchoma, mulango ya mbao, na ile cherehani aliyopewa na Bapadri, yote iliyoungua ile siku baaskari ba Badachi balipotia moto mu kijiji. Balinijibu: muzuri, tafuta shahidi aliyeiona kwa macho yake.

Nani, Yaya? Bengine vita ilibamaliza, bengine ile homa kubwa ya nyuma ya vita. Weye uko mu inchi ya Baingereza. Hapa Élisabethville muntu wa kwetu iko paka mumoja tu, na unamujua muzuri: Chomba, mutani wetu, yeye wa ukoo ya Chui, siye ba Mbuzi.

Basi tulisimama mu biro ya serikali, mbele ya Muzungu, na karani mumoja jina yake Paulin akigeuza maneno mu Kifaransa. Balimuuliza Chomba kama anaijua ile nyumba. Unafikiri alijibu nini? Alitia mukono mu kiuno kama iko mbele ya bazee ba kwetu. "Nyumba gani? Ya hawa Mbuzi? Ilikuwa kibanda ya kuku, na kuku zenyewe zilikataa kulala mule! Panya zao zilikuja kwetu kulomba chakula! Na ile cherehani, mama yao aliiba kwetu!"

Kwa Kapya bazee bangecheka mpaka machozi, na mambo ingeishia pale. Nani anapoteza matusi yake kwa nyumba isiyokuwako? Mutani akitukana nyumba yako, njo ushahidi wenyewe. Lakini Paulin ni mutoto wa Kasai, utani yetu ya ziwa hakuijua. Aligeuza neno kwa neno. Muzungu hakucheka, aliandika. Kiisha akatuambia ya kama nyumba ilikuwa kibanda bila bei, cherehani ilikuwa ya wizi, na mambo imekwisha. Chomba alipoelewa, uso ulimushuka.

Paulin alinifuata ku kazi, alikuwa na huruma kweli. Alisema njia imebakia moja: nitie sahihi ku karatasi ya kama Chomba ni adui yangu, na alidanganya mbele ya serikali juu ya chuki. Hapo batasikiliza upya. Na Chomba je? Chomba atafungwa, na fimbo juu.

Sitakuficha. Nilibakia na ile karatasi mu mufuko, nikifikiri barua yako, namna uliandika ya kama zile franka zikitoka utarudi, tutajenga tena, tutalala chini ya paa moja. Hakuna kintu ninachotaka kupita kile, Yaya. Lakini bantu ba Chui njo banatuzika siye. Chomba njo alimuingiza Wivine mu kaburi, akimutukana na machozi ikimutoka. Leo nimuite adui? Nilimurudishia Paulin karatasi yake. Nyumba ya Mama haitalipwa. Kasirika, uko na haki.

Lakini si ile inayoniua. Chomba alisikia nilichofanya, na tangu pale ananiheshimu. Ananiheshimu, Yaya! Zamani kila jumapili, nyuma ya misa, alipiga mulango teke: "Weye Mbuzi, ungali hai? Nani amekuruhusu?" Kiisha anamega bukari yangu bila kunawa. Sasa anabisha hodi pole pole, anavua kofia, anakaa ku pembe ya kiti. "Bwana Stanislas, mumeamkaje?" Ananiletea kuku. Chui kumuletea Mbuzi kuku, uliona wapi! Juzi nilimutukana mpaka babu yake, akainamisha kichwa, akasema, "Muko na haki." Haya inamukula. Na muntu akikuheshimu namna ile, unakuwa mugeni kwake. Mu muji yote hii hakuna tena hata mumoja wa kunitukana. Nalia, Yaya, muntu muzima kama miye.

Njo maana nakulomba kintu kimoja. Usiniandikie miye pole. Muandikie Chomba. Hajui kusoma, nitamusomea miye mwenyewe, kwa sauti, kambi yote isikie. Hasira yako yote ya nyumba itie mule. Mutukane yeye, na ukoo yake, na meno yake. Umuambie unadai cherehani ya Mama. Usimuhurumie hata kidogo. Matusi yangu haimuingii tena, kwangu anasikia paka deni tu. Weye pengine atakujibu.

Andika upesi. Kila jumapili analeta kuku.

Nisalimie bwana yako Musonda, nisalimie Brigitte, na kale katoto kadogo ambako sijakaona bado. Mungu abalinde munapolala, abakute bote munapoamka.

Ni miye mudogo yako anayekupenda, niliyebakia huku,

Stanislas