Huyo Blumbergi ni Nani

Raskazone, Tanga
14 Machi 1954

Kwa kaka yangu Sadalla,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Moa, pamoja na mama na watoto. Miguu ya mama inaendeleaje? Mimi ni hai, alhamdulillahi, ingawa naandika nimelala chali.

Mmesikia kwamba nimepasuliwa. Nililetwa asubuhi kwenye hospitali ndogo ya daktari mmoja wa Kizungu, tumbo linanikata upande wa kulia, natapika nyongo. Daktari akanibonyeza taratibu, kisha akaachia mkono ghafla. Nikapiga ukelele. Akafurahi, kaka! Akasema, "Blumbergi!" Nikadhani anamwita mtu.

Walikuja madresa, wale wauguzi wa mashamba ya mkonge anaowafundisha. Nikafunuliwa nguo mbele ya wanaume wote. Mmoja mmoja wakabonyeza, wakaachia. Mikono ya jasho, mwingine ananuka tumbaku. Kila nikilia wanaitikia "Blumbergi" kama watoto wa chuoni. Nikamwambia daktari nimeshasema panauma, aniulize mimi. Akanijibu nitulie, wengine bado wako njiani. Tukawangoja hadi adhuhuri ikapita.

Nesi Anjela, Mbondei mwenye huruma, ndiye aliyenieleza kuwa Blumbergi ni daktari wa Ulaya aliyegundua kwamba maumivu yakizidi pale mkono unapoachia, ndani pameharibika. Huyo simlaumu, alitaka ugonjwa ujulikane mapema. Hawa walijua tangu asubuhi. Waliponipasua jioni, kidole tumbo kilikwisha kupasuka, usaha umeenea. Mpaka leo nikisikia harufu ya dawa wanayonawia mikono, najifunika shuka mpaka kichwani.

Kaka, sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Nilikuwa mja mzito, mwezi wa tatu. Mume wangu Jumbe hajui. Alikwenda Pemba kabla sijawa na hakika, nikasema akirudi nitamfurahisha. Mimba ilitoka siku ya pili baada ya kupasuliwa. Daktari alipita, akatazama mshono, akasema umefunga vizuri, akaenda zake.

Mwambie Jumbe wewe, mimi sitaweza. Na mama atataka kunikanda kwa maji ya moto. Mzuie kwa upole. Sitaki mkono wa mtu tumboni mwangu, hata wake.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na Mungu akuweke.

Mdogo wako akupendaye,
Asmahani binti Safari